Sayari ya nje ni nini, na ile Tanzanite ya angani

Hapa Arusha ukisema Tanzanite mtu anawaza jiwe la Mererani, ukisema mpingo anawaza vinyago, ila kuna Mpingo na Tanzanite zingine ziko angani na ni majina rasmi kabisa.

Iko hivi. Zile nyota unazoona usiku kila moja ni jua, sema ziko mbali mno, na nyingi zina sayari zao kama sisi tulivyo na Mirihi na Jupita. Sayari inayozunguka nyota nyingine, sio jua letu, ndo sayari ya nje. Zimeshajulikana zaidi ya 5,000.

Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulitimiza miaka 100, ukazipa nchi zaidi ya 100 kila moja nyota na sayari yake zizipe majina. Tanzania ikapata nyota iliyokuwa inaitwa WASP-71 na sayari yake: nyota ikawa Mpingo, sayari ikawa Tanzanite. Kwa kweli nayapenda haya majina, ni vitu vyetu kabisa.

Sasa waliionaje? Yenyewe hawakuiona. Mradi wa WASP, wa kutafuta sayari za nje, ulikuwa na kamera Afrika Kusini na Visiwa vya Kanari zinapima mwanga wa nyota usiku baada ya usiku, sasa sayari ikikatiza mbele ya nyota yake mwanga unapungua kidogo tu, hata asilimia moja haifiki, halafu unarudi, na ikijirudia kwa muda uleule unajua kuna kitu kinazunguka pale. Kile kivuli kinakupa ukubwa wake. Uzito unapatikana kwa kuangalia nyota inavyoyumba, maana sayari nayo inaivuta, na ndo ikajulikana Tanzanite ina uzito zaidi ya mara mbili ya Jupita.

Inamaliza mzunguko kwa karibu siku 3, yaani huo ndo mwaka wake! Utaridi, iliyo karibu zaidi na jua letu, inatumia siku 88. Kwa ukaribu huo joto linapita nyuzi 1,500, na ni ligesi likubwa, kwahiyo habari ya watu kuishi huko haipo.

Mpingo iko zaidi ya miaka ya mwanga 1,000 kutoka hapa, yaani mwanga wake unasafiri zaidi ya miaka 1,000 kutufikia, kwa macho huioni, inataka darubini. Ila mwezi wa kumi na moja katikati, kama saa tano usiku, mawingu ya vuli yakiachia, ukiwa Arusha au Moshi angalia juu ya utosi, kundinyota la Nyangumi, ndo upande wake.