Bomba la kuta mbili la jiko la kuni: ni nini, na linakomea wapi

Bomba la kuta mbili ni mirija miwili ya chuma iliyoingizwa mmoja ndani ya mwingine. Wa ndani, unaopitisha moshi, ni wa chuma kisichoshika kutu. Wa nje ni wa bati jeusi lenye rangi ya kuhimili joto. Katikati kuna hewa tu, uwazi mwembamba usiofika upana wa kidole. Hakuna sufi wala kitu kingine kilichojazwa humo. Kazi yake ni kuupokea moshi kwenye shingo ya jiko na kuufikisha kwenye dohani, yaani njia inayoutoa moshi hadi juu ya paa. Dohani inapoanzia, bomba hili linakoma. Hilo la kukoma ndilo linalosahauliwa zaidi, nami nitalirudia.

Jambo hili linawagusa wanaoishi kwenye baridi ya kweli: Maine, Vermont, Minnesota, Quebec. Portland na Lewiston, huko Maine, zina Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wengi, Kiswahili kinasikika, na nyumba nyingi za jimbo hilo bado zina jiko la kuni sebuleni. Si jiko la kupikia. Ni sanduku zito la chuma, mara nyingi lenye mlango wa kioo, linalokokwa jioni na kuachwa liwake usiku kucha.

Aliyekulia kwenye nyumba ya tofali au bloku huja na tabia moja ambayo kule ni hatari: anauamini ukuta. Nyumba nyingi za Amerika Kaskazini zimejengwa kwa mbao. Ule ukuta mweupe, laini, ni ubao wa jipsamu uliopigiliwa kwenye nguzo za mbao, na kanuni za ujenzi zinauhesabu kuwa ukuta unaowaka. Ukibandika vigae au mawe membamba juu yake, bado unahesabiwa hivyo hivyo, kwa sababu joto linapenya hadi kwenye nguzo zilizo nyuma.

Mbao nayo haingoji kuguswa na mwali. Ikipigwa na joto mwaka baada ya mwaka inakauka kupita kiasi, inaanza kuungua kidogo kidogo bila moto kuonekana, na ikishafikia hapo inaweza kuwaka kwa joto la chini kuliko mbao mpya. Ndiyo maana jiko lililofungwa vibaya linaweza kutumika misimu kadhaa bila kisa, jirani akalisifia, kisha usiku mmoja wa baridi kali, jiko likiwa limesheheni kuni, ukuta ukashika moto. Mtu akikuambia “mbona langu lina miaka kumi liko hivi hivi,” hajathibitisha chochote.

Kwa hiyo mjadala wote wa bomba ni mjadala wa umbali. Kwa bomba la ukuta mmoja, kanuni ya Marekani iitwayo NFPA 211 inataka inchi 18, kama sentimita 46, kati ya bomba na kitu chochote kinachowaka. Bomba la kuta mbili linaruhusiwa kusogea karibu: mengi yameidhinishwa kwa inchi 6, yaani sentimita 15, kutoka ukutani yakiwa yamesimama wima, na zaidi kidogo kutoka darini pale linapolala. Usizichukue namba hizi kama za bomba lako. Kila kiwanda kimepimiwa bomba lake maabara, na namba iliyoandikwa kwenye lebo ya bomba ndiyo inayotawala. Jiko nalo lina kibao chake cha chuma, kwa kawaida mgongoni, kinachotaja umbali wa kutoka ukutani. Vikitofautiana, fuata umbali mkubwa.

Watu hulifananisha bomba hili na chupa ya chai. Sawa, lakini nusu tu. Chupa ya chai unaishika mkononi. Bomba hili, jiko likiwa limekolea, litakuunguza, na mtoto akiliegemea ataumia. Uwazi wa hewa unapunguza joto linalofika nje, hauliondoi.

Pale mfano unapofaa ni kwa kilichomo ndani. Moshi unabaki na joto lake, na moshi wa moto ni mwepesi, unapanda kwa nguvu, unavuta hewa safi kuingia ndani ya jiko, na moto unawaka vizuri bila kurudisha moshi sebuleni kila ukifungua mlango. Moshi ukipoa njiani chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi, mvuke na utomvu wa kuni vinaganda kwenye kuta za bomba na kuwa kreosoti, uchafu mweusi unaonata, halafu unakauka ukawa mgumu na kung'aa. Kreosoti inawaka. Ikishika moto ndani ya dohani, joto linaweza kupita nyuzi 1,000, na mwenye nyumba husikia mngurumo mzito ukutani. Bomba la kuta mbili haliizuii kabisa. Kuni mbichi zitaitengeneza hata kwenye bomba bora kuliko yote, na kuni zinazofaa ni zile zenye unyevu chini ya asilimia 20.

Wapo wanaolikataa kwa sababu linapunguza joto la chumba, maana bomba la ukuta mmoja hutoa joto lake sebuleni. Ni kweli. Ila kama bomba lako ni refu, dari iko juu, au ukuta uko karibu, kwa maoni yangu joto hilo ni ghali mno.

Sasa mkanganyiko mkubwa. Dukani kuna mabomba matatu ambayo yote yana kuta mbili, na ukiyaona kwa mbali ni ndugu. La kwanza ni hili tunalolizungumzia. La pili ni bomba la dohani yenyewe: nene zaidi, limejazwa kizuio cha joto kati ya kuta zake, na kwa Marekani linapaswa kuwa na alama ya UL 103 HT, maana yake limepimwa kwa gesi za nyuzi 2,100 za Farenhaiti, karibu 1,150 za Selsiasi, kwa dakika kumi kumi, ili kuiga moto wa dohani. Hilo ndilo linaloruhusiwa kupenya dari, kupita juu ya dari na kutokea paani, likiachiwa nafasi ya kawaida ya inchi 2 kutoka kwenye mbao. La tatu ni bomba la gesi, aina B, jembamba, la rangi ya fedha, na mrija wake wa ndani ni aluminiamu. Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi. Lipo kwa ajili ya hita za maji na tanuri za kupashia nyumba joto zinazotumia gesi. Kulifunga kwenye jiko la kuni ni kupanga moto. Ukipewa bomba la bure au la mtumba, soma alama iliyopigwa ubavuni kabla ya kulipandisha garini. Kama alama imefutika, liache.

Kufunga lenyewe si kazi ngumu, ila kuna mambo ambayo fundi wa mabati wa kawaida atayafanya kinyume. Mwelekeo kwanza. Mrija wa ndani wa kipande cha juu unaingia ndani ya kile cha chini, na cha chini kabisa kinaingia ndani ya shingo ya jiko. Anayezoea mifereji ya moshi hufikiria moshi unaopanda, akageuza, ili moshi “usivuje.” Moshi hauvuji kirahisi hivyo kwa sababu dohani inavuta hewa kwenda ndani. Kinachovuja ni kreosoti ya majimaji inayotiririka kushuka, na bomba likigeuzwa hutokeza nje kwenye kila kiungo na kuacha michirizi ya kahawia inayonuka. Vipande vingi vina mshale. Mshale uangalie juu.

Kila kiungo kinafungwa kwa skrubu tatu, hata pale kwenye shingo ya jiko, kwa matundu na skrubu za kiwanda husika. Moto wa dohani hutikisa bomba, na kiungo kisicho na skrubu kinaweza kuachia. Ukibakiwa na pengo la inchi chache usikate bomba kwa msumeno, kwa kuwa ukilikata umeharibu mpangilio wa kuta zake; nunua kipande cha kurefuka na kufupika, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Usichanganye kampuni mbili, hata kama vipande vinaingiliana. Elbo, yaani vipande vya kona, zisizidi mbili za nyuzi 90, na sehemu inayolala iwe fupi na ipande kuelekea dohani angalau robo inchi kwa kila futi.

Juu, bomba linaishia kwenye boksi la kubebea lililofungwa darini, na hapo dohani inaanza. Usilipitishe juu ya dari, wala ndani ya kabati, wala ukutani, kwa sababu huko hakuna anayeliona likichomoka na hewa yake haitoshi kulinda mbao. Dohani nayo itokeze angalau futi 3 juu ya paa pale inapopenyea, na iwe juu kwa futi 2 kuliko chochote kilicho ndani ya futi 10, la sivyo upepo utarudisha moshi.

Wanaoishi kwenye nyumba za kiwandani, zile za kuvutwa kwa lori, wachague jiko lililoidhinishwa kwa nyumba hizo. Maelekezo yake kwa kawaida yanalazimisha bomba la kuta mbili na hewa inayouwasha moto ivutwe kutoka nje ya nyumba. Popote unapoishi, kibali cha manispaa na taarifa kwa kampuni ya bima vitangulie, na king'ora cha moshi na cha kaboni monoksidi viwepo.

Moto wa kwanza uwe mdogo, madirisha wazi, maana rangi mpya hutoa harufu kali inapoiva. Halafu kuna kipimajoto. Kile cha sumaku cha kubandika nje kinafaa bomba la ukuta mmoja. Kwenye kuta mbili kinasoma joto la ganda la nje, namba ya chini kuliko hali halisi, na mtu akiiona anadhani moto umelegea, anafungua tundu la hewa la jiko, anaongeza gogo, huku jiko likiwa tayari limepita kiasi. Bomba hili linahitaji kipimajoto cha sindano, kinachopenya kuta zote mbili hadi kwenye moshi, kama inchi 18 juu ya shingo ya jiko.