Upasuaji wa kiroho: damu ipo, kovu halipo

Mgonjwa amelala chali, shati limepandishwa hadi kifuani. Mganga anaomba kidogo, anakandakanda tumbo, mara vidole vinaonekana kuzama ndani hadi kwenye vifundo. Damu inachuruzika ubavuni. Anachomoa kitu kama kipande cha nyama, anakitupa kwenye bakuli, kisha anapangusa tumbo kwa pamba. Ngozi ni nzima, haina mshono wala mchubuko. Mgonjwa, ambaye hakuchomwa hata sindano ya ganzi, anashuka kitandani na kwenda zake.

Huo ndio upasuaji wa kiroho: madai kwamba mtu mwenye kipawa anaweza kuufungua mwili kwa mikono mitupu, akatoa ugonjwa na kuufunga tena, yote kwa nguvu za roho. Usiuchanganye na maombi ya uponyaji. Anayekuwekea mkono kichwani akakuombea hasemi kwamba ameng'oa kitu mwilini mwako. Huyu mwingine anakuonyesha uvimbe wenyewe, na kitu cha kuonyeshwa ni kitu cha kupimwa.

Umaarufu wake ulianzia Ufilipino. Eleuterio Terte alianza kujulikana miaka ya 1940, na baada yake Tony Agpaoa wa mji wa Baguio akawavuta wageni waliosafiri kwa ndege kutoka ng'ambo. Brazil ilikuwa na mtindo wake. Zé Arigó, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1971, alitumia visu vya kweli na kusema anaongozwa na roho ya daktari Mjerumani aitwaye Fritz. Hapo ngozi ilikatwa kweli, kwa hiyo hatari yake ni ya aina nyingine.

Ule wa mikono mitupu ni kiinimacho. Vidole havizami popote. Vinakunjwa huku nyama laini ya tumbo ikibonyezwa, na jicho la mtazamaji linamalizia lililobaki. Damu na "uvimbe" hufichwa mapema ndani ya pamba, kiganjani, au kwenye kidole gumba cha bandia. Vipande vilivyofikishwa maabara vimeonekana kuwa vya wanyama. James Randi, bingwa wa mazingaombwe, aliuigiza upasuaji huu mbele ya kamera za televisheni bila kuita roho yoyote.

Kwa muumini, kukosekana kwa kovu ndiko muujiza wenyewe. Mimi naona ndilo jibu: hapakukatwa, kovu litoke wapi?

Mbona basi wapo wanaoapa kwamba walipona? Wengine wanasema kweli kwamba walipata nafuu. Maumivu ya mgongo huja na kuondoka yenyewe, na matumaini hupunguza uchungu kwa muda. Wengine hawakuwahi kupimwa kabla, hivyo hakuna anayejua walipona nini. Wala tusiwacheke. Mtu aliyeambiwa hospitalini kwamba dawa zimefika mwisho atakwea ndege yoyote.

Biashara ya safari hizo ndiyo iliyowagusa wakubwa. Mwaka 1975 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara iliuita upasuaji huu ulaghai mtupu, na kuyazuia mashirika ya safari yaliyokuwa yakiutangaza.

Watetezi husema hauna madhara, kwa kuwa hakuna kinachokatwa. Wanasahau muda. Uvimbe wa kweli uko palepale, unakua, na mwenye nao amerudi nyumbani akiamini umetupwa kwenye bakuli, hivyo haoni sababu ya kumrudia daktari.

Mchekeshaji Andy Kaufman wa Marekani alikuwa na saratani ya mapafu. Machi 1984 alikwenda Baguio kutafuta tiba hii, akarudi akiwa na imani kwamba imemsaidia. Alifariki tarehe 16 Mei mwaka huohuo, akiwa na miaka 35.