Mahitaji ni ya nani, masharti ni ya nani?

Muhula ukifunguliwa, mzazi wa Uganda hupewa na shule orodha ya vitu vya kuleta: rimu 1 ya karatasi, fagio 2, karatasi za choo, sukari kilo 2, sabuni, jerikeni. Kwa Kiswahili kichwa cha orodha hiyo ni Mahitaji. Anayeandika Masharti amekosea, ingawa geti halifunguliwi bila hivyo vitu. Anayefikiri kwa Kiganda hapati taabu hapa, kwani ebyetaagisa (mahitaji) na obukwakkulizo (masharti) havichanganyiki kichwani mwake. Taabu humpata anayeanzia Kiingereza, lugha inayotosheka na neno moja, "requirements", kwa yote mawili.

Kipimo ninachokiamini ni kile kiunganishi kidogo, -a. Mahitaji ni ya anayepungukiwa. Masharti ni ya anayeyaweka. Ndiyo maana tunasema masharti ya benki na mahitaji ya mkopaji, na ukivigeuza maana nayo inageuka. Mganga wa kienyeji hutoa yote mawili kwa mkupuo: mahitaji ni kuku mweusi na kitambaa cheupe, masharti ni usigeuke nyuma ukiondoka. Kuku hununuliwa sokoni. Sharti halinunuliwi, hutimizwa au huvunjwa.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni tangazo la kazi lenye kichwa "Mahitaji ya mwombaji". Msomaji anatarajia chakula, nauli na kodi ya nyumba ya huyo mwombaji. Andika "Sifa za mwombaji", kwa sababu elimu na uzoefu ni vitu alivyo navyo mtu tayari. Ibara ya 80 ya Katiba ya Uganda inaonyesha tofauti vizuri. Mgombea ubunge awe raia, awe mpigakura aliyeandikishwa, awe amemaliza elimu ya kidato cha sita au inayolingana nayo: hizo ni sifa. Lakini mtumishi wa serikali anayetaka kugombea katika uchaguzi mkuu sharti ajiuzulu angalau siku 90 kabla ya siku ya uteuzi. Hilo ni sharti, maana ni jambo la kufanya, tena lina muda wake.

Kigezo ni kipimo cha kuchagulia, basi. Matakwa yanafaa kwa sheria (matakwa ya katiba), ila ukisema matakwa ya mtu unazungumzia anachopenda. Katika mapishi rudi kwenye mahitaji: roleksi, yaani chapati inayoviringishwa na mayai, inataka chapati 1, mayai 2, nyanya, kitunguu na kabichi.

Sarufi nayo ina mitego. "Mahitaji zote" inasikika sana Kampala. Ni mahitaji yote, na umoja wake ni hitaji. Sharti na lazima zikitangulia kitenzi cha kuamuru, kitenzi hicho kiishie kwa -e: lazima alete, sharti alipe. "Lazima analeta" ni kubahatisha tu, kama kusema bila shaka yuko njiani na mzigo. Ukikanusha, angalia unakanusha wapi. "Si lazima alipe" humwachia hiari. "Lazima asilipe" humkataza. Hapa nakala za mikataba huharibika, kwa sababu mfasiri huona si- na -si- kama kitu kimoja.

Kuna pia muhimu, neno laini linalopachikwa kila mahali. Ukibandika dirishani "Ni muhimu kuja na kitambulisho cha taifa", mtu atasafiri kutoka Arua bila hicho kitambulisho, akiamini ameshauriwa tu, kisha arudishwe. Andika: "Asiye na kitambulisho cha taifa hatahudumiwa."