Kuwatendea Wafanyakazi Wote Sawasawa Hakumwondolei Mwajiri Wajibu

Katika malalamiko ya ubaguzi kazini dhidi ya watu wenye ulemavu yanayotufikia, utetezi unaorudiwa na waajiri kuliko mwingine wowote ni kwamba mlalamikaji alitendewa kama wenzake wote. Tunaamini wengi husema hivyo kwa nia njema, lakini mara nyingi kauli hiyo hulithibitisha lalamiko badala ya kulikanusha. Ibara ya 2 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2008, inahesabu kunyimwa marekebisho stahiki, yaani mabadiliko yanayohitajika ili mtu mwenye ulemavu ashiriki sawa na wengine, kuwa ni ubaguzi, na Ibara ya 27 inaufikisha wajibu huo mahali pa kazi. Kiziwi aliyeomba mkalimani wa lugha ya alama kwenye usaili, akanyimwa, kisha akaulizwa maswali yaleyale waliyoulizwa wengine, amebaguliwa, hata kama hakuna aliyekusudia.

Marekebisho hayo humlenga mtu mmoja na kazi yake: programu inayosoma maandishi ya skrini kwa sauti, kwa mfano, au zamu inayompa nafasi mgonjwa wa figo kwenda kusafishwa damu. Yasichanganywe na wajibu wa kulifanya jengo lifikike, ambao haumsubiri mtu aombe.

Ombi si lazima liandikwe kwenye fomu wala litaje kifungu cha sheria. Mfanyakazi akimweleza msimamizi wake kwamba anashindwa kusoma taarifa zenye herufi ndogo, ameshaomba. Kuanzia hapo mwajiri azungumze kwanza na mhusika mwenyewe, aandike tarehe ya ombi, njia zilizojadiliwa, uamuzi na sababu zake, na tunashauri taarifa za afya ziwekwe katika jalada la peke yake, si lile la utumishi linalopita mikononi mwa kila mtu. Akikataa kwa hoja kwamba mzigo ni mkubwa kupita kiasi, ni yeye anayepaswa kuthibitisha, kwa gharama halisi zinazopimwa dhidi ya uwezo wa taasisi nzima na si bajeti ya kitengo kimoja. Barua inayosema tu kwamba “gharama ni kubwa”, bila hesabu yoyote, si uthibitisho.

Wapo wanaodai kwamba sheria hizi humlazimisha mwajiri kumchukua asiye na sifa. Hapana, hazimlazimishi. Tumelieleza hili mara nyingi kiasi kwamba ni vigumu kuamini bado ni kutoelewa.

Muda wa kulalamika na adhabu hutofautiana kati ya nchi na nchi, hivyo kila mmoja asome sheria inayomhusu. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu (ADA) inawabana waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi. Mlalamikaji ana siku 180 za kuwasilisha lalamiko, zinazoweza kufika 300, na fidia ya maumivu pamoja na ya kuadhibu ina ukomo wa dola 50,000 hadi 300,000 kulingana na ukubwa wa mwajiri, mbali na mishahara iliyopotea. Uingereza haikuweka ukomo wa fidia ya ubaguzi.

Waajiri wachache hukumbuka kwamba kumshusha cheo au kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika huzaa shauri la pili, nalo linaweza kufaulu hata pale la kwanza linapotupwa.