Macho mekundu ya bibi: chuki dhidi ya wazee inaanzia wapi?

Ingia jikoni kwa bibi wa kijijini alfajiri. Mafiga matatu, kuni bado zina unyevu, moshi umetanda hadi darini. Bibi ameinama anapuliza moto, machozi yanamtoka, anajifuta kwa upindo wa khanga, anapuliza tena. Kazi hiyo ameifanya tangu usichana wake. Kuni zikiadimika huwasha samadi kavu, na moshi wake unawasha zaidi. Pengine aliwahi kuugua vikope pia, kope zikageukia ndani, sasa zinamkwaruza jicho kila anapopepesa.

Usukumani macho hayo yamewaponza wanawake wengi wazee. Mtu anayatazama, kisha anasema: huyu ni mchawi.

Mara nyingi sisi wanasaikolojia huulizwa, inakuwaje jamii inayomwamkia mzee shikamoo asubuhi imwinulie panga usiku? Wengi hujibu kwamba ni ushirikina tu. Jibu hilo halitoshi. Imani ya uchawi wanayo watu wa rika zote, basi kwa nini kidole kinamwelekea bibi, tena mjane anayeishi peke yake?

Akili ya binadamu haivumilii msiba usio na maelezo. Mtoto akifa kwa homa ya siku mbili, moyo huuliza "nani?" kabla ya kuuliza "nini?". Mchumi Edward Miguel alichunguza vijiji vya Meatu, ambayo leo iko mkoa wa Simiyu. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa mauaji ya wanaodhaniwa wachawi yalikuwa maradufu katika miaka ya ukame au mafuriko kuliko miaka mingine. Karibu wote waliouawa walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi waliowaua ni ndugu zao. Imani ilikuwepo kila mwaka. Kilichozidi ni njaa. Nyumba ikibanwa na njaa, hasira humshukia asiye na wa kumtetea, ambaye ndugu wameanza kumwona ni mdomo wa kulishwa tu.

Hapo ndipo ramli chonganishi inapopata wateja. Mpiga ramli hamfundishi mtu chuki mpya. Anaipa jina la mtu ile hofu ambayo mteja amekuja nayo.

Kisha umri wenyewe hugeuzwa ushahidi. Bibi amezika mume, amezika watoto wanne, yeye yupo. "Anaishi kwa miaka ya wenzake," watu wananong'ona. Akianza kupoteza kumbukumbu, akatoka nje usiku wa manane asijue arudi vipi, au akakutwa anaongea peke yake, wanaomwona wanasema anawanga. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Anahitaji mtu wa kumshika mkono amrudishe kitandani.

Sababu nyingine imejificha zaidi. Watafiti Jeff Greenberg, Sheldon Solomon na Tom Pyszczynski wameonyesha kuwa binadamu hufanya mengi ili asiikumbuke siku ya kifo chake. Mwili wa mzee, pamoja na mikunjo yake na mikono inayotetemeka, unatukumbusha. Badala ya kukiri kwamba tunajiogopa wenyewe wa kesho, tunamsogeza mzee mbali.

Na tusiufiche ukweli kuhusu mali. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wengi waliotuhumiwa uchawi walikuwa na shamba ambalo vijana wa nyumbani walilitaka. Baadhi yao wamelazimika kukimbilia Kaya Godoma, kituo cha kuwahifadhi wazee huko Ganze, kuokoa maisha yao. Dhamira humsuta anayetamani ardhi ya babu yake, lakini akishamwita babu mchawi, inanyamaza. Kwa hiyo nasema chuki mara nyingi huja baada ya tamaa, kuihalalisha.

Usidhani haya ni ya vijijini tu. Mjini tunampeleka mama kliniki, na daktari anamuuliza binti: "Anaumwa nini?" Mama yupo hapo hapo, anasikia, ana akili timamu. Akilalamikia goti anaambiwa ni uzee, basi anaacha kulalamika, na ugonjwa unaotibika unaendelea kumla. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa mtu mmoja kati ya wawili ana mtazamo wa kibaguzi kuhusu umri. Mzee naye huyameza maneno hayo. Becca Levy wa Marekani aliwafuatilia watu wa mji mmoja wa Ohio, na mwaka 2002 akaeleza kwamba waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya wenzao.

Ninachowasihi wazazi na viongozi wa vijiji ni hiki. Watoto wakifariki mfululizo katika nyumba moja, kabla jina la mtu yeyote halijatajwa, wazazi na watoto waliobaki wapimwe selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu. Ugonjwa huo hurithiwa, upo kwa wingi Kanda ya Ziwa, na unaweza kuchukua watoto wawili watatu wa mama mmoja. Familia ikielezwa hivyo na mganga wa kituo cha afya, swali la "nini?" limepata jibu, na "nani?" halina tena pa kushika. Bibi aitwe kwenye mazungumzo hayo, apewe kiti, aulizwe ni ndugu gani wengine waliokufa wangali wadogo. Mara nyingi ni yeye pekee anayewakumbuka.