Kuandamwa: hatia, kisasi na kumbukumbu katika hadithi za wanajeshi

Mtajie mkaazi wa Nairobi kitenzi kuandama, atafikiria kwanza maandamano: maduka yamefungwa, gesi ya machozi imejaa Moi Avenue, mtu anakimbia na kiatu kimoja. Mwislamu wa Eastleigh huenda akafikiria mwezi: umeandama, kesho tunafunga. Maana ya msingi ni kufuata, kuja nyuma ya kitu. Tia -w- tu, kuandamwa, na mambo yanageuka: sasa ni wewe unayefuatwa. Katika hadithi za vita, anayemfuata mwanajeshi mara nyingi ni mtu aliyekwisha kufa.

Nataka kuieleza dhana hii kwa sababu kila tunapojadili riwaya ya vita na wenzangu, mmoja husema mhusika anasukumwa na kisasi, mwingine anashikilia kwamba anasukumwa na hatia, na tunabishana hadi chai inapoa. Tunabishana bure. Mara nyingi kisasi ni hatia iliyobadilisha nguo ili isitambulike nyumbani.

Tuanze na hatia. Neno hili linanuka mahakama. Mtu hupatikana na hatia pale Milimani, hakimu anasoma hukumu, faili inafungwa. Mwanajeshi wa hadithini hana kesi yoyote. Alichokifanya kiliamriwa, pengine hata alipewa nishani. Kwa hiyo msemo unaomfaa zaidi ni ule wa nafsi kumsuta, na hapa Kiswahili kimetupa zaidi ya tulichoomba. Kwa watu wa Pwani, kusuta si kunong'ona. Mtu akikusengenya, unamwendea na mashahidi, mchana kweupe, unamwambia mbele ya majirani: ulisema hili na hili, na aliyesikia ni huyu hapa. Anayesutwa hana pa kuuficha uso. Basi mtu anayesutwa na nafsi yake amebeba baraza zima kifuani, mashahidi wamekwisha kukaa kwenye mkeka, wanamngoja.

Mashahidi wenyewe ni akina nani? Wako aliowaua, na wako wenzake aliorudi bila wao. Nionavyo, hawa wa pili ndio wasiompa usingizi. Kumuua adui kuna kisingizio, tena kisingizio chenye sahihi ya mkubwa. Lakini ukabadilishana zamu ya doria na rafiki yako kwa sababu uliumwa na jino, naye akafa katika zamu iliyokuwa yako, utamwambia nini mama yake?

Hapo ndipo kisasi kinapoingia. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu lina kipimo: jicho kwa jicho, si jicho kwa kijiji. Kitenzi tunachokiambatanisha nalo, kulipiza, kimezaliwa na kulipa. Yaani kuna deni. Msomaji makini atauliza mdeni ni nani hasa, kwa maana mwanajeshi akipiga kelele sana kwamba fulani atalipa, huenda anayedaiwa ni yeye.

Mtazame Boro katika Weep Not, Child, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1964. Boro alipigana Vita vya Pili vya Dunia upande wa Waingereza. Ndugu yake wa kambo, Mwangi, alikwenda vitani vilevile na hakurudi. Boro anarudi Kenya, hana kazi, na ardhi ya wazee wake ni shamba la Mzungu, Bwana Howlands. Nyumbani hasemi sana. Anamwonea baba yake, Ngotho, hasira kwa kukubali kuwa kibarua katika ardhi iliyokuwa ya ukoo. Baadaye anaingia msituni kupigana na wakoloni, na huko anakiri kwamba haamini tena chochote isipokuwa kulipiza kisasi.

Ukikomea hapo, utasema Boro ni mtu wa hasira tu. Soma usiku ule anaorudi nyumbani kwa siri. Ngotho yuko kitandani, ameteswa hadi amevunjika, maana alijitwika mauaji ambayo hakuyafanya ili kumkinga mwanawe. Boro, mtu aliyesema haamini chochote, anamwomba baba yake msamaha. Anabarikiwa. Anatoka. Kisha anakwenda kumuua Howlands. Msamaha na mauaji vimewekwa karibu hivyo kwa makusudi, naamini. Bunduki imemwelekea Howlands, lakini hesabu iliyo kichwani mwa Boro ina majina ya nyumbani: Mwangi, ambaye hakumrudisha, na baba, ambaye alimdharau akiwa hai.

Jambo hili ni la kale. Katika utenzi wa Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, shujaa Achilles amesusia vita. Rafiki yake Patroclus anavaa deraya ya Achilles, anaingia vitani, anauawa na Hector. Achilles anamuua Hector na kuiburura maiti yake nyuma ya gari la farasi. Deni limelipwa na riba juu. Na usiku unaofuata, baada ya kisasi kukamilika, ndipo mzuka wa Patroclus unapomtokea usingizini kumlaumu kwamba amelala na kumsahau, na kudai azikwe. Maiti ya Hector haikumtuliza mtu.

Daktari Mmarekani wa magonjwa ya akili, Jonathan Shay, aliyewatibu wanajeshi waliopigana Vietnam, aliiona simulizi hiyohiyo kwa wagonjwa wake, na mwaka 1994 akaandika kitabu cha kuilinganisha. Dhana aliyoieneza tunaweza kuiita jeraha la dhamiri. Kwa maelezo yake hutokea pale mwenye mamlaka anapoisaliti haki, katika jambo zito la kufa na kupona. Si sawa na hofu. Mwenye hofu huruka akisikia mlipuko, lakini mwenye jeraha la dhamiri anaweza kukaa kimya kabisa, mlipuko ukapita, naye akawa bado anajiuliza kwa nini alitii.

Huku kwetu, kabla ya madaktari, lugha ya jambo hili ilikuwapo. Waluo wana chien, roho ya marehemu inayorudi kudai haki yake. Waacholi wa Uganda wanaiita cen, na vita vya kaskazini mwa nchi hiyo vililirudisha neno hilo midomoni mwa vijana waliotekwa wakalazimishwa kuua. Ninachokipenda katika fikra hii ni kwamba mzimu si dalili ya ugonjwa. Ni mdai. Amekuja na shauri lake, na lazima lisikilizwe na watu wa pande zote mbili, ndiyo maana utakaso, yaani tambiko la kumsafisha mtu, haukuwa kazi ya aliyeandamwa peke yake. Mhusika wa riwaya za mjini hana utakaso huo. Ana chumba kimoja cha kupanga, majirani wasiomjua, na picha yenye sare ukutani.

Sasa, mwandishi wa Kiswahili anaionyeshaje hali hii? Wengi hukimbilia jinamizi: mhusika anaota, anapiga ukelele, anaamka amelowa jasho. Limechosha. Lugha yetu ina chombo kizuri zaidi, nacho ni viambishi vya njeo, vile vinavyoonyesha wakati katika kitenzi. Hadithi hutembea kwa -li- na -ka-: alitoka, akafunga mlango, akaenda. Kila -ka- ni hatua moja mbele. Kumbukumbu inayomwandama mtu haina hatua. Nimetunga mfano huu:

Aliteremka Roysambu, akavuka daraja, akanunua mkate. Kondakta akapiga bodi ya matatu kwa kiganja. Yuko chini. Mchanga mdomoni. Wafula anaita afande, afande, redio inakwaruza, hakuna anayejibu. Mwenye duka alikuwa amemshika bega. "Boss, uko sawa?" Mkate ulikuwa umebondeka wote mkononi mwake.

Kibao cha kondakta ndicho cha mwisho kupata -ka-. Baada yake mtiririko unakatika: yuko, anaita, inakwaruza. Sikuandika kwamba alikumbuka, wala hakuna nukta tatu za kumwonya msomaji. Hata kurudi hakukuandikwa. Tunajua amerudi kwa sababu -li- imerudi, na kwa sababu ya mkate. Wafula ameuawa? Sijasema. Anaita tu, kila siku, katika wakati uliopo.

Wanafunzi wa fasihi simulizi hapa Kenya wamekwisha kukutana na maiti ya namna hii, ila hawakuambiwa waitazame kwa jicho hili. Fumo Liyongo, shujaa asiyeuawa kwa mkuki wala mshale, alichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa cheo na binti wa mfalme. Liyongo akaamka, akachukua uta wake, akaenda hadi kisimani, akapiga goti, akavuta mshale. Akafa katika hali hiyo, uta umekazwa. Wenye mitungi walipomwona walikimbia. Siku zikapita, mji mzima una kiu, na hakuna aliyethubutu kusogea. Wakamtuma mama yake akambembeleze, naye akadhani mwanawe amekasirika.

Yule mwana aliyemchoma baba yake hakupata cheo wala bibi arusi. Akaugua, akafa.