Wahitimu wengi peke yake hawaleti startapu

Nimekuwa nikiajiri na kulea madevelopa, yaani watengeneza programu, miaka mingi sasa, na kila nikikaa na watu wa startapu, hizi kampuni changa za teknolojia, nasikia kilio kilekile, hela hakuna, wawekezaji hawaji. Sawa, hela inahitajika, ila mimi naona hela huwa inawafuata watu. Nnachouliza kwanza ni hivi, hapo mlipo kuna wangapi walioshawahi kuibeba sistimu toka watumiaji mia mpaka milioni, ikazimika usiku wa manane wakainua?

Chukua Estonia, nchi ya watu kama milioni 1.3 tu. Skype, ile programu ya kupiga simu kwa intaneti, ilitoka 2003, waanzilishi wake mmoja Mswidi mwingine wa Denmark, lakini programu yenyewe ilijengwa Tallinn, mji mkuu wa Estonia, na vijana wa palepale, kina Ahti Heinla, Priit Kasesalu na Jaan Tallinn. 2005 eBay, kampuni ya Marekani ya soko la mtandaoni, ikainunua kwa dola bilioni 2.6. Na utamu ndo unaanzia hapo, maana waliofanya kazi mle walitoka na kitu ambacho hakuna darasa linafundisha, walishaona kampuni ikikua mbele ya macho yao. Taavet Hinrikus, mmoja wa waajiriwa wa mwanzo kabisa, 2011 akaanzisha na mwenzake TransferWise ambayo leo tunaijua kama Wise, ya kutuma hela nchi kwa nchi, na Heinla akawa mmoja wa walioanzisha Starship, ile ya viroboti vya kupeleka mizigo. Bengaluru kule India nako ni hivyohivyo, duka la mtandaoni la Flipkart la 2007 ilianzishwa na vijana wawili waliotoka Amazon.

Kingine watu hawakisemi ni uhuru wa kuhama. California tangu 1872 sheria yake haitambui mkataba wa kumzuia mfanyakazi asiende kwa mshindani, ndo maana ujuzi kule unazunguka, mtu anatoka huku na alichojifunza anakipeleka kule. Mkiwafunga watu wenu kwa mikataba mnaua mji mzima jamani, na nyie wenyewe kesho mtatafuta developa mmoja mzoefu mtamkosa!

Vyuo navyo vina kazi yake, sibishi. Ila nimeona timu ya vijana kumi wenye akili kali wakikwama miezi kwenye databesi kwa sababu tu hakuna hata mmoja aliyewahi kuona ile shida, akaja dada mmoja mwenye uzoefu, wiki mbili tu mambo yakaenda. Sasa wale kumi nao wanajua.